Tunaofungua Kompyuta Kuukuu, Tusikie ya Owino Uhuru

Ninawaandikia mafundi wenzangu wa Isiolo, hasa vijana wa Bula Pesa, Kambi ya Juu na Kulamawe, ambao wakikuta kompyuta imetupwa hawaoni takataka. Wanaona ramu nzima, feni inayozunguka, diski ambayo bado ina uhai. Mji wetu una ofisi nyingi za kaunti na za mashirika, na kila ofisi inapobadilisha vyombo kuna mashine zinazotoka kwa mlango wa nyuma. Kuzifufua ni kazi njema. Kijana anayekusanya mashine zilizokufa akaunda moja inayowaka, akampa mdogo wake ajifunzie kuandika, amefanya jambo la kheri, na sitaki mtu asome maneno haya akadhani namkataza. Wasiwasi wangu ni juu ya kile kinachobaki sakafuni baada ya mashine hiyo moja kuwaka: betri za UPS, skrini za kichogo, mazabodi zilizoungua, mafungu ya nyaya. Hapo ndipo yeyote kati yetu anaweza kujikwaa, nami nikiwemo.

Fundi wa vyombo vya umeme hulelewa akiogopa kinachouma papo hapo. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya kasha la umeme, yenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huja swichi ikiwa kwenye 115, na anayesahau kuigeuza kabla ya kuichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240 husikia mlio mmoja, akanusa moshi, na hasahau tena maishani. Kapasita kubwa ndani ya kasha hilo zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Bomba la kioo la skrini ya kichogo hufanya kazi kwa maelfu ya volti. Haya tunafundishana siku ya kwanza, na anayeyapuuza tunamkemea. Lakini kioo cha skrini hiyo hiyo kimechanganywa na madini ya risasi, kilo nzima au zaidi, na hilo ni nadra kulisikia likitajwa kwenye kibanda cha fundi. Risasi hairushi mtu. Haina mlio. Huingia mwilini kwa vumbi na moshi, ikajificha mifupani, na dalili zake za mwanzo hufanana na magonjwa tuliyoyazoea.

Ndiyo maana nataka tukae kidogo na yaliyowapata watu wa Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni kijiji cha watu wa kipato kidogo huko Mikindani, Mombasa. Mnamo mwaka 2007 hivi kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kuyeyusha betri kuukuu ukutani kabisa kwa kijiji hicho ili kupata risasi. Betri zenyewe ni za jamii moja na hizi tunazozitoa kwenye UPS, zenye sahani za risasi na maji ya betri ndani. Kijijini waliishi watu kama elfu tatu. Baadhi yao walipata kibarua kiwandani, na mwenye watoto anajua kibarua kina uzito gani.

Dalili zilijitokeza mapema, tena hadharani. Moshi uliwawasha watu macho na koo. Mabati ya nyumba yalianza kuliwa na kutoboka. Maji machafu kutoka kiwandani yalipita ukutani yakateremka hadi kwenye vichochoro walikochezea watoto. Kuku walikufa. Watoto waliugua homa zisizokoma na wanawake waliharibu mimba. Ukizitazama dalili hizi moja moja, kila moja ina maelezo ya karibu ambayo hayamtishi mtu. Mabati? Ni hewa ya chumvi ya pwani. Kuku? Ni kideri. Homa ya mtoto? Ni malaria, nani pwani hajui malaria? Ni pale tu mtu alipozipanga zote pamoja, na ule ukuta ukiwa katikati, ndipo zilipokuwa habari moja.

Mtu huyo alikuwa Phyllis Omido. Aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009 kushughulikia uhusiano wake na jamii, na alikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa akinyonya. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya mazingira, na tathmini ikasema wazi kwamba kiwanda cha aina ile hakifai kuwa karibu vile na makazi ya watu. Akashauri kihamishwe. Wakubwa wake hawakutaka kusikia, wakampa kazi nyingine. Kisha mtoto wake akaugua. Hospitalini walitafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, wakatibu hiki na kile bila nafuu, mpaka pakatolewa wazo la kumpima risasi. Ikakutwa kwenye damu yake. Ilikuwa imempata kupitia maziwa ya mama.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Mama huyu alikuwa na ripoti ya mazingira mkononi. Alijua kiwanda kile kinayeyusha nini, na alikuwa tayari amewaonya wakubwa wake kuhusu madhara yake. Hata hivyo, homa ilipoingia nyumbani kwake mwenyewe, jina la kwanza lililokuja lilikuwa malaria, kwa mama na kwa madaktari pia. Ikiwa ilimpata yeye, sisi tunaofungua betri chini ya mwembe bila kusoma ripoti yoyote tutajiamini kwa lipi? Mimi sijioni kuwa mwerevu kuliko yeye. Mtoto wangu akipata homa kesho, na mimi nitasema malaria.

Yaliyofuata ni mapambano ya miaka. Omido aliacha kazi. Watoto wengine watatu wa kijiji walipimwa, na wote wakakutwa na risasi kupita kiasi. Aliandika barua, akaongoza maandamano, mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, baadaye akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilikuwa kimewahi kufungwa kwa muda na mamlaka kisha kikaruhusiwa kuendelea, jambo ambalo nalo liliwapoteza watu: kilichoruhusiwa hudhaniwa kuwa salama. Kilifungwa kabisa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikiwabebesha lawama wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni miaka tangu moshi wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kilipoanza alikuwa kijana mkubwa hukumu ya mwisho iliposomwa.

Labda mtu atasema: hicho kilikuwa kiwanda, sisi tuna bisibisi na jiko. Basi na asikie ya Senegal. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa kwa muda mfupi, na mwanzoni hakuna aliyejua kilichowaua. Hapakuwa na kiwanda pale. Palikuwa na watu wa kawaida waliokuwa wakivunja betri kuukuu kwa miaka mingi kwenye uwanja wa wazi. Bei ya risasi ilipopanda, watu walianza kuchimba mchanga wa uwanja ule na kuuchekecha ili wapate vipande vilivyobaki, na wengine walibeba mifuko ya mchanga hadi nyumbani. Wachekechaji wengi walikuwa wanawake, na watoto walikuwa mgongoni au pembeni mwao. Vumbi ndilo lililowaua.

Sasa tuitazame meza yetu. Betri ya kawaida ya UPS, ile ya volti 12, ina uzito wa kilo mbili na ushee, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, na jiko la mkaa hufika huko bila shida. Najua wazo linavyokuja. Mnunuzi wa skrepa anataka kilo, nauli ya mzigo ni ghali, plastiki na maji ya betri havina bei, basi kwa nini nisiipasue hapa hapa nikamwaga maji, nikayeyusha kilichobaki kikawa kipande kimoja safi? Kwa hesabu ya pesa wazo hilo halina kosa, na huo ndio ubaya wake. Maji yakimwagwa ardhini huondoka na unga wa risasi, ardhi ikikauka unga huwa vumbi, na Isiolo vumbi halihitaji kualikwa. Upepo wa alasiri unatosha kulifikisha kwenye sufuria ya jirani.

Lehemu nayo isisahaulike. Mashine zilizoundwa kabla ya 2006, mwaka ambao Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vipya vya elektroniki, kwa kawaida zimelehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, risasi ikiwa karibu asilimia 37. Fundi anayebadilisha kapasita moja, dirisha likiwa wazi na mikono akinawa kabla ya kula, simwogopei sana. Ninayemwogopea ni yule anayepasha mazabodi nzima juu ya moto ili vipande vidondoke, huku anakula muguka kwa vidole vile vile, halafu jioni anamnyanyua mwanawe akiwa na shati lile lile la kazi.

Na nyaya. Kuzichoma ili kupata shaba ni njia ya haraka, ndiyo maana imeenea. Huko Agbogbloshie, Accra, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipata mayai ya kuku wa eneo lile yakiwa na dioksini, sumu itokanayo na moshi wa plastiki, kwa kiwango cha kutisha. Kuku walidonoa ardhini, basi. Kwetu jalala ni malisho ya mbuzi, na maziwa na nyama ndivyo chakula chetu. Nani kati yetu ameuliza mbuzi wake alilamba nini nyuma ya kibanda cha fundi?

Hapa Isiolo tuna hatari moja zaidi, kwa sababu homa zetu zina majina mengi zaidi ya kuficha jambo. Pwani walisema malaria na homa ya matumbo. Sisi tutasema malaria, homa ya matumbo, na tukikosa yote tutasema brusela, kwa kuwa tunakunywa maziwa na ugonjwa huo upo kweli. Mtoto mwenye risasi mwilini anaweza kuumwa tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kupungukiwa damu, kuwa mkali bila sababu, kuchelewa kusema, au kusahau darasani alichokijua jana. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayomfanya mzazi akumbuke betri. Mtu mzima huumwa kichwa, huchoka, shinikizo la damu hupanda, mkono hupoteza nguvu, naye husema ni uzee au ni jua. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Ndugu zangu, betri ibaki nzima. Iuzwe nzima, kwa mnunuzi mwenye leseni, hata kama bei inapungua kidogo kwa sababu ya nauli. Kioo cha kichogo kisipasuliwe kutafuta shaba ya shingoni. Skrini na mazabodi visivyofaa vikusanywe kwa pamoja na vitumwe Nairobi, kwa mfano kwenye kituo cha WEEE Centre, kinachopokea taka za elektroniki. Mafundi kadhaa wakichangia nauli ya mzigo mmoja haiwaumizi. Waya umenywe kwa kisu, usichomwe. Shati la kazi livuliwe kabla ya kuingia ndani, na lifuliwe peke yake. Meza ya kazi isiwe kwenye chumba wanacholala watoto. Najua vyumba vyetu ni vidogo, na najua hili ndilo gumu kuliko yote, lakini hata pazia na kitambaa chenye maji cha kupangusia vumbi badala ya ufagio mkavu vina faida yake.

Na ukimpeleka mtoto hospitalini kwa homa isiyoisha au tumbo lisilopona, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari hivi: nyumbani kwetu tunafungua kompyuta, tunalehemu, tuna betri za UPS, naomba apimwe risasi. Huenda kipimo kisipatikane mjini, ikabidi damu itumwe maabara ya mbali. Omba itumwe.