Meli zilizolala mchangani: Msafiri anatazama nini?

 

Ndugu msomaji, wenye nafasi siku hizi wamechoka na Dubai. Wanatafuta sehemu za ajabu. Wapo wanaokwenda kulala katika hoteli za barafu, wanaoingia miji iliyochimbwa chini ya ardhi kule Uturuki, na wanaopiga picha katika miji iliyohamwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa darsa aliniuliza kama safari hizo zina ubaya kwa Muislamu. Asili ya safari ni halali, madhali haina maasi wala ubadhirifu. Lakini Qur'an haikuishia hapo. Katika Suratul Ankabut (29:20), Suratur Rum (30:9) na kwingineko, tunahimizwa kutembea katika ardhi, na himizo hilo linaambatana na kutazama: uumbaji ulivyoanza na mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo msafiri ana deni la kujibu, akifika anatazama nini?

Chukua mfano wa mji wa Moynaq, katika eneo la Karakalpakstan, kaskazini magharibi ya Uzbekistan. Watalii huenda kuona meli za uvuvi zilizokaa juu ya mchanga, zimeliwa na kutu, pembeni vichaka vya jangwani. Maji ya bahari yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Ni picha ya kustaajabisha kweli. Mwaka 2018 likaanzishwa na tamasha la muziki, vijana wakacheza usiku kucha kwenye makaburi hayo ya meli.

Moynaq ilikuwa bandari. Bahari ya Aral, ambayo kwa hakika ni ziwa, mwaka 1960 ilikuwa ya nne kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 68,000. Msomaji wa Mwanza au Kisumu ataelewa nikisema kuwa ilikaribia kulingana na Ziwa Victoria. Jaribu kufikiri Ziwa Victoria limeondoka, na mitumbwi ya Mwanza imebaki juu ya vumbi.

Haikuwa tufani wala tetemeko. Ilikuwa pamba. Wakubwa wa Muungano wa Kisovieti walitaka pamba nyingi, wakaiita dhahabu nyeupe, wakaichepusha mito miwili inayolisha bahari hiyo, Amu Darya na Syr Darya, kwa mifereji mingi ambayo mingine haikusakafiwa, maji yakinywewa na mchanga njiani. Bahari ikaanza kurudi nyuma. Wavuvi wa Moynaq wakachimba mfereji kuifuata, ikawakimbia tena. Maji yaliyobaki yakazidi chumvi, samaki wakafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ukawa umekwisha. Kiwanda cha samaki wa makopo kikawa kinaletewa samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali ili wafanyakazi wasikose kazi! Mwaka 2014 upande wa mashariki wa bahari ya kusini ulikauka wote. Upepo unapovuma juu ya sakafu hiyo hupeperusha chumvi na mabaki ya dawa za kuulia wadudu, na wakazi wanavuta.

Ni rahisi kusema hayo ni ya makomunisti waliomkana Mungu, kisha tukafunga gazeti. Lakini Uzbekistan ilipata uhuru mwaka 1991, ikatawaliwa na wenyeji wenye majina ya Kiislamu, na mifereji iliendelea kumwagilia pamba. Na nchi yenyewe ni ipi? Amu Darya ndiyo Jayhun ya vitabu vyetu. Ng'ambo yake ndiko alikozaliwa Imam Bukhari, na Termez, mji wa Imam Tirmidhi, uko kandoni mwa mto huo huo. Suratur Rum (30:41) inaeleza kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya hiyo tunaihifadhisha watoto madrasa, na mara nyingi tunaifasiri kwa zinaa na ulevi peke yake.

Adabu ya kufika mahali pa namna hii tumefundishwa. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (SAW) alipopita Al-Hijr, maskani ya Thamud, aliwakataza maswahaba wasiingie makazi ya waliodhulumu nafsi zao isipokuwa wakiwa wanalia, na akaharakisha mwendo. Sisemi watu wa Moynaq ni Thamud. Wao ndio waliodhulumiwa. Ila kucheza ngoma juu ya msiba wa jirani hata kwetu pwani ni aibu.

Mwanafunzi yule nilimwambia aende, akijaaliwa. Lakini kabla hajakata tiketi ya ndege aangalie Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, na sababu mojawapo kubwa ni maji yanayochepushwa kwa mashamba ya mpunga ya Usangu, mchele tunaoupikia pilau. Mwaka 2022 Dar es Salaam iliingia katika mgao kwa kupungua maji ya Mto Ruvu. Na bado utamkuta mtu msikitini amefungulia bomba mpaka mwisho, anaosha mguu huku akisimulia mpira, ilhali Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha kujaza viganja viwili. Suratul Mulk, ambayo wengi tunaisoma kila usiku kabla ya kulala, inamalizikia kwa swali la nani atatuletea maji pindi yakizama ardhini.

Upande wa kaskazini wa Aral, nchini Kazakhstan, mwaka 2005 lilikamilika bwawa la Kokaral linalozuia maji ya Syr Darya yasipotee kuelekea kusini. Kina kikapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi, na vijana ambao baba zao waliacha nyavu wakaanza tena kushona nyavu.