Hodi Isiyosubiri Karibu

Huku kwetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, hodi hupigwa mara tatu. Asipoitika mtu, unarudi zako. Kutoitika nako ni jibu.

Mimi natunza seva katika ofisi moja Mtwara mjini. Ndani ya seva zimo mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona kompyuta kamili, kama wapangaji wa nyumba moja. Prosesa nayo hupigiwa hodi: saa inabisha, diski inabisha, kadi ya mtandao inabisha. Ikiwa na kazi nyeti huruhusiwa kuziba masikio kwa muda. Balaa ni pale inapoganda masikio yakiwa yamezibwa.

Kwa hali hiyo prosesa imeachiwa hodi moja isiyozuilika, ambayo mafundi huiita NMI. Mashine pepe haina waya wa kuipokelea, basi seva mwenyeji ndiyo huipenyeza. Kwenye KVM amri yake ni virsh inject-nmi. Kama Linux iliyo ndani iliandaliwa mapema, huacha kila kitu, hujiangusha, na kabla ya kuwaka upya humwaga kumbukumbu yake kwenye faili. Isipoandaliwa, huandika tu kwamba imebishiwa na haijui kwa nini.

Kaka mmoja kazini haipendi njia hii. “Mdogo wangu, izime uiwashe, watu wako foleni.” Foleni naiona. Lakini ukizima, ushahidi wote umefutika, na kifo kisicho na chanzo hutafutiwa mchawi. Mchawi wa ofisini ni nani? Karibu kila mara ni kijana wa mwisho kuajiriwa, aliyekuwa zamu usiku ule. Nimemwona mmoja akibeba mzigo huo kwa miezi. Faili lile lingemsafisha, au lingemtia hatiani, na hiyo nayo ni haki.

Ila ndani ya faili hilohilo yamo majina, nywila na madeni ya watu ambao hawakuniambia karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Mama aliyetoa namba yake ili ahudumiwe hakuitoa ili niichungulie.

Mimi huipiga hodi hiyo. Nyumba ikifuka moshi, majirani huvunja mlango. Lakini aliyevunja mlango kuokoa hafungui sanduku la nguo. Nasoma kila prosesa ilikuwa ikifanya nini ilipoganda, basi. Faili halitoki jengoni, na kazi ikiisha nalifuta.

Panaponishinda ni pale watengenezaji wa programu, walio ng’ambo, wanapolitaka faili zima. Bila hilo, wanasema, hawawezi kurekebisha, na mashine itaganda tena, pengine zamu ya kijana yuleyule. Mara ya mwisho niliwatumia kurasa nne za dondoo. Wamejibu kwamba hazitoshi.