Usukani wa Ugenini

Leo nawakumbuka ndugu zetu wanaoishi Cairo, wanaosoma Al-Azhar, wanaofanya kazi ubalozini, wenye familia zao huko, ambao saa hizi wanawasha magari kuingia Daraja la 6 Oktoba linalovuka Mto Nile.

Mtu aliyejifunza gari Dar es Salaam au Mombasa anafika kule na mazoea ya kushika kushoto. Misri wanashika kulia. Gia iko mkono wa kulia, na kwenye kipilefti jicho linatafuta magari upande yasikotokea. Hilo mwili hulizoea. Kazi ni watu. Njia tatu za barabara zinabeba magari matano, vibasi vinasimama popote abiria anapoinua mkono, na mwenda kwa miguu anakatiza taratibu katikati ya hayo yote. Honi hazinyamazi: hii ni "nipo ubavuni mwako", ile ni ahsante, nyingine ni ya harusi.

Mgeni huzisikia zote kama matusi, akapandwa na hasira. Hapo ndipo hatari inapoanza. Nasema kwa uchungu, maana ajali ya ugenini ni nzito: polisi anaandika Kiarabu, hospitali huijui, na mama yuko Tanga anasubiri simu.

Ndugu yangu uliye huko, acha nafasi mbele yako. Anayechomekea, mpishe. Na siku ukiamka umechoka, liache gari, panda metro. Cairo wanayo tangu 1987.