Tafakuri ya Ramadhani: Jezi na ushahidi



Ndugu zangu, leo tuzungumze mpira. Najua wengine mmeshatabasamu, mnadhani Sheikh anakuja kuharamisha. Tulieni. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, akasimama kumkinga Bi Aisha (r.a.) ili atazame mpaka atosheke. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo kutazama mchezo si kesi. Kubeti ndiyo kesi, na hukumu yake iko wazi katika Suratul Maida aya ya 90. Mwenye mkeka mfukoni asijifiche nyuma ya Wahabeshi.

Swali langu ni jingine: mapenzi ya timu yanalifanya nini jicho lako?

Swali hili nimelipata kwa mgeni. Kuna ndugu yetu Mpakistani aliyefika Dodoma kikazi mwishoni mwa 2024, akawa anaswali na kufuturu nasi. Kwao mchezo ni kriketi, mpira wa miguu wala haumshughulishi. Aliuliza timu ya mji huu ni ipi, akaambiwa Dodoma Jiji. Akaenda Uwanja wa Jamhuri siku walipokuja mmoja wa wale wakubwa wawili, akakuta majukwaa yamejaa rangi za wageni. Wazaliwa wa Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu, wengine hata Kariakoo hawajawahi kukanyaga, wanasema "sisi" kwa klabu ya Dar es Salaam. Akatuuliza kwa upole kabisa, "Nani aliwachagulia?"

Tulicheka, lakini jibu la kweli ni kwamba wengi wetu hatukuchagua. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na mpaka 1971 Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland. Ni mambo ya babu zetu. Mtoto anavalishwa jezi kabla hajajua kutembea. Sioni ubaya hapo, vitu vingi vizuri tumerithi.

Kisha ikaja tarehe 8 Machi 2025, wiki ya kwanza ya Ramadhani ya 1446. Mnaikumbuka. Watani wa jadi walikuwa wakutane usiku Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kuna waliokuwa wameshasafiri kutoka mikoani. Simba wakatangaza hawachezi, kwa maelezo kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakapinga. Mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0.

Usiku ule baada ya Tarawehe, uani pa msikiti pakawa mahakama. Kila mtu mwanasheria, kila mtu anazo kanuni kwenye simu. Mgeni wetu alisikiliza weee, kisha akaniambia kwamba siku hizi hana haja ya kumuuliza mtu anaonaje. Anatazama jezi tu, na jibu analijua kabla mdomo haujafunguka.

Kesho yake wakati wa futari nikamuuliza na yeye, je, Pakistan ikicheza na India huko kwenye kriketi? Alicheka sana, akasema tumwache kwanza ale tende.

Lakini alilosema lilikuwa kweli. Kanuni ilikuwa moja na tukio lilikuwa moja. Sikusikia shabiki hata mmoja wa Simba akisema labda Simba wamekosea, wala wa Yanga akisema labda Simba wana hoja. Na hawa si watoto. Ni watu wazima, waadilifu, wengine ni wazee ninaowaita mimi mwenyewe washuhudie ndoa na wakae kwenye mirathi. Hapo ndipo paliponichoma.

Utasema, "Sheikh, ule ni utani tu." Utani naujua, na hapa Ugogoni tunauheshimu. Mtani anakuja msibani anakutukana, na jembe la kuchimbia kaburi analishika yeye. Shabiki wa Yanga na wa Simba wanaitana majina yasiyofaa kuandikwa humu, na mmoja akiugua mwenzake ndiye anayempeleka hospitali kwa bodaboda yake. Huo ni utani, na Allah aubariki. Ila utani una alama yake: anayesema uongo na anayeambiwa wote wanajua kuwa ni uongo. Ushabiki ninaousema leo hauna alama hiyo. Msemaji anajiamini kweli. Mguu umemgonga mtu ndani ya boksi, yeye kauona kwa macho yake, na moyo unamwambia hakuna kitu.

Mnakumbuka kisa cha Muhajirina na Ansari, anachokisimulia Jabir (r.a.). Safarini, Muhajiri alimpiga Ansari, huyu akaita, "Enyi Ansari!", na yule akaita, "Enyi Muhajirina!" Mtume (s.a.w.) aliukemea wito ule, akauita wa kijahiliya na akaamuru uachwe. Tazameni vizuri. Majina yale mawili yamesifiwa ndani ya Qur'ani, hakuna jezi yenye heshima kama hiyo. Lakini yalipoitwa ili watu wajipange upande kabla hawajauliza nani kamwonea nani, yakanuka.

Mji wetu unakua, na migogoro ya viwanja na mashamba tunayo. Siku utaitwa useme mpaka wa shamba la zabibu ulikuwa wapi, kati ya shemeji yako na mtu usiyempenda. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimame na haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Jicho utakalokwenda nalo pale ni hili hili la kwenye kibanda umiza, hujapewa la akiba.

Mpira usiuache. Leo usiku baada ya Tarawehe, ukiwa mbele ya runinga, refa akitoa penalti dhidi ya timu yako na wewe umeona kuwa ni halali, sema kwa sauti mbele ya wenzako: "Ni penalti." Watakuzomea. Timu yangu mnaijua, kwa hiyo mkinikuta nabisha, nisomeeni ujumbe huu.

Isha ni saa 2 kamili, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.