Mgeni Aliyelipa

Watu husema kwamba mgeni wa nyumbani hupokewa kwa moyo, na mgeni wa hoteli hupokewa kwa fedha. Neno hili lina sura ya kweli, kwa hiyo ni wachache walipingao. Lakini yafaa tuulize: fedha ikiisha kutolewa, je, hapana tena haki yo yote kati ya mwenye nyumba na mgeni wake, illa kitanda na ufunguo?

Nchi ya Wazaramo, yenye Kibaha na Kisarawe, ni nchi ya njia tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita huko, na majumbe wakaidai hongo. Burton na Speke walipoondoka Kaole mwaka 1857, karibu mwezi mzima ulipita kabla hawajafika Zungomero. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907. Kisha barabara ya motakaa ikapata nguvu, na kando yake, Maili Moja na Mlandizi, zikasimama nyumba za kulala wageni. Tena kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, hata ruhusa ilipotolewa mwaka 2023. Basi abiria wengi waliochwewa njiani hawakuwa na budi kutafuta mahali pa kulala. Hata jina la moteli lilizaliwa kwa haja hiyo: nyumba ya kwanza kuitwa hivyo ilifunguliwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925, na jina lake liliungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, la motakaa na la hoteli.

Wasemao kwamba fedha yatosha wana hoja njema, wala tusiwadharau. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini aliyelipa hapewi jembe. Hali chakula cha watoto wa mwenyeji, wala haamki na deni la shukrani asiloweza kulilipa. Asiye na ndugu Kibaha hulala sawasawa na mwenye ndugu kumi. Fedha, basi, imempa mgeni heshima yake, na hilo si jambo dogo.

Walakini tutazame kitu kimoja, nacho ni usingizi. Mtu aliyelala hana macho wala mikono. Anunuaye kilo ya mchele huenda nayo, na biashara imekwisha. Bali alipaye chumba, tangu hapo ndipo anapojiweka mikononi mwa mtu asiyemjua. Kilichonunuliwa ni kitanda. Kilichowekwa amana ni uhai. Na amana haina bei.

Tuna ushahidi wa jambo hili katika nchi ile ile. Mwaka 1845 Mfaransa kijana, jina lake Maizan, alifika Dege la Mhora, katika Uzaramo, akiwa na mali nyingi. Jumbe Mazungera alimkaribisha, akakaa naye siku kadhaa, kisha akamwua. Mbona habari hii hutuchoma kuliko habari ya msafiri aliyeuawa na wanyang'anyi porini? Mauti ni yale yale. Hutuchoma kwa sababu aliyeua ndiye aliyekaribisha. Hatuulizi kwanza kama mgeni alilipa hongo ya kutosha, au kama alikula bure. Lo lote tutakalojibiwa, uovu haupungui. Basi ni dhahiri kwamba kifungo cha mwenyeji hakizaliwi na zawadi wala na malipo, bali na kule kumpokea mtu. Na kama malipo siyo yaliyokifunga, malipo hayawezi kukifungua.

Mtu ataniuliza: Je, mama mwenye mtoto akishushwa Mlandizi usiku wa manane, na fedha yake haitoshi, mwenye nyumba ampe chumba bure? Sisemi hivyo. Atoaye vyumba bure kila siku atafunga mlango wake, na msafiri wa kesho atalala nje. Lakini kati ya chumba na giza la barabarani pana baraza, pana taa, pana maji ya kunywa, na pana mlinzi aliye macho. Hivyo havikuandikwa katika orodha ya bei, wala havimfilisi mtu. Mwenye nyumba aweza kuuza kitanda. Usalama wa aliyefika mlangoni kwake usiku hana ruhusa ya kuuuza.

Wala mgeni asidhani kwamba yeye hadaiwi kitu. Naye amepokea amana: na aandike jina lake la kweli katika kitabu cha wageni, asiwaamshe waliolala, na chumba akiache jinsi atakavyotaka kukikuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema, mwenyeji atajirike.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Pugu, Soga na Ruvu, na msafiri wa Morogoro hufika kabla hajasinzia. Pengine wageni wa kandokando ya barabara watapungua. Lakini hata akibaki mmoja tu, akalipa na kufunga mlango, mwenye nyumba akumbuke kwamba fedha aliyoitia mfukoni ni ya godoro. Mtu aliyelala juu yake bado ni mgeni wake mpaka asubuhi.