Deni la Marehemu Humfunga Nani?

Kijana wa Tokyo ya leo amezungukwa na skrini za televisheni na makelele ya mjini. Anashika upanga wa kale, na mara anajikuta karne kadhaa nyuma, akiitwa Yuranosuke, kiongozi wa samurai 47 walioapa kulipiza kisasi cha bwana wao. Ndivyo inavyoanza The Kabuki, baleti ambayo Mfaransa Maurice Béjart alilitungia kundi la Tokyo Ballet mwaka 1986, kwa muziki wa Toshiro Mayuzumi. Kijana huyo hakumjua marehemu, hakula chumvi yake wala hakumwapia lolote. Hata hivyo, onyesho linapokwisha, anajiua pamoja na wenzake. Amelipa deni ambalo hakulikopa.

Kisa chenyewe kilitokea kweli. Mwaka 1701 Asano Naganori, bwana wa Ako, alimjeruhi ofisa Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya shogun, mtawala wa kijeshi, mjini Edo, ambao leo ndio Tokyo. Siku hiyohiyo akaamriwa ajipasue tumbo. Kira hakuadhibiwa. Samurai wa Asano, waliobaki bila bwana wala riziki, walingoja karibu miaka miwili, kisha usiku mmoja wa Januari 1703 wakavamia nyumba ya Kira, wakamkata kichwa na kukipeleka kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji. Machi mwaka huo 46 kati yao walijiua kwa amri ya serikali.

Wanazuoni wa Kijapani walilibishania jambo hili kwa miaka mingi. Asami Keisai aliwatetea. Sato Naokata aliwapinga waziwazi: Kira hakumuua Asano. Asano ndiye aliyechomoa silaha, na sheria ndiyo iliyomhukumu. Sasa kisasi cha nini? Ogyu Sorai alijaribu kupita katikati. Uaminifu wao, alisema, ni wa kuheshimiwa, lakini ni jambo lao binafsi, na nchi haiwezi kusimama iwapo jambo la binafsi litaishinda sheria ya wote. Kwa hiyo wafe, ila wafe kwa heshima. Naokata ana hoja kali zaidi, na pengine ndiyo maana hakuna aliyemtungia tamthilia.

Washindi wa mjadala walikuwa watu wa jukwaani. Tamthilia ya Kanadehon Chushingura, iliyochezwa kwanza na vikaragosi mwaka 1748, ilikisogeza kisa hadi karne ya 14 na kubadili majina ili kukwepa udhibiti wa serikali. Béjart alianzia hapo.

Kundi lililopokea kazi yake lilikuwa na mizizi ya Kirusi. Tadatsugu Sasaki aliliunda mwaka 1964 kutokana na shule ya Tokyo iliyofundishwa na walimu kutoka Umoja wa Kisovyeti, akiwemo Sulamith Messerer wa Bolshoi. Lilikulia kwenye Swan Lake na Giselle, kazi ambamo makumi ya wachezaji huinua mkono kwa pamoja na asiwepo wa kuchelewa. Nidhamu hiyo ndiyo nguvu ya The Kabuki, na hatari yake pia. Wanaume 47 wanapojipanga safu na kusonga kama mwili mmoja, jicho huvutiwa kabla akili haijauliza iwapo wanachokiendea ni haki. Uzuri umepiga kura mapema.

Béjart mwenyewe alikuwa amesilimu katika miaka ya 1970, na dini yake hiyo huhesabu uhai kuwa amana ya Mungu, si mali ya mtu wala ya bwana wake. Bado alikipa kifo cha samurai fahari yote ya jukwaa. Mwaka 1993 akarudi palepale kwa kulitungia kundi hilohilo M, kuhusu mwandishi Yukio Mishima, aliyejipasua tumbo mwaka 1970 baada ya kushindwa kuwashawishi wanajeshi waiasi serikali. Mishima alikuwa kama kijana yule wa skrini: mtu wa karne ya 20 aliyejitwisha kiapo cha watu waliokufa zamani.

Hata hivyo tamthilia ya 1748 ina mtu ambaye Sorai na Naokata hawakuwa na haja ya kumjadili, na Béjart hakumwacha nje: Okaru. Wazazi wake wanamuuza katika nyumba ya starehe ili mumewe, Kanpei, apate fedha za kuchangia kisasi. Baba yake anauawa njiani kwa ajili ya fedha hizo. Kanpei, akidhani yeye ndiye muuaji, anajipasua tumbo. Kisha Okaru anasoma barua ya siri ya Yuranosuke, na kaka yake anataka kumuua kwa mkono wake, ili uaminifu huo umpatie nafasi miongoni mwa walioapa. Yuranosuke anamzuia. Kaka anakubaliwa kundini, naye Okaru anabaki hai, bila baba na bila mume, kwa ajili ya bwana ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama alimdai chochote.