Maji ya Mwisho ya Bakuli

Wamatengo wa Mbinga walikuwa na desturi waliyoiita sengu. Wanaume wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja, na papo hapo wakazungumza mambo ya mashamba, ndoa na ugomvi wa jamaa. Waliochunguza maisha ya nchi ile wameandika kwamba desturi hiyo ilififia kadiri kahawa ilivyoleta fedha na kila nyumba ikaanza kujitegemea. Sisi wa visiwani, tuliolelewa katika sinia moja, twaielewa hasara hiyo bila ya kuelezwa.

Lakini kabla ya kula watu hunawa. Tuifikirie nyumba moja ya Tingi, katika nchi ya milima inayoelekea Ziwa Nyasa, au nyumba yoyote ya shamba huku kwetu, ambayo bakuli la maji huanza kwa mkubwa. Akishanawa humpa anayemfuata, na hivyo hivyo mpaka lifike kwa mtoto, ambaye hutia vidole vyake katika maji yaliyokwisha kupokea mikono ya wote. Hiyo ni heshima, wala sina nia ya kuikejeli. Ninalouliza ni hili: je, adabu hubaki kuwa adabu ikiwa mzigo wake wote huangukia aliye dhaifu kuliko wote?

Kwani maradhi ya tumbo hayafuati daraja za umri kama tuzifuatavyo sisi. Virusi vya rota, vilivyopewa jina la gurudumu kwa umbo lake na kuonekana Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenziwe, aghalabu humsumbua mtu mzima kidogo tu. Mtoto mchanga hutapika na kuharisha hata mwili ukakauka na macho yakadidimia. Virusi vya noro, ambavyo jina lake latokana na mji wa Norwalk wa Marekani, ulikozuka ugonjwa shuleni mwaka 1968, havichagui umri. Chembe chache mno zatosha kumwangusha mtu, na aliyepona aweza kuendelea kuvitoa kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo mzee aliyeamka mzima, akamshukuru Mola, akaketi kula, huenda ndiye anayepitisha maradhi.

Je, ana hatia? Kitenzi chetu "kuambukiza" kina sura ya kutendesha, nacho humfanya mgonjwa kuwa mtendaji hata asipokusudia. Kila nilipolitafsiri neno hili nimeona lugha ikimshtaki mtu asiyejua. Naona asiyejua hana hatia. Aliyekwisha kuambiwa, akaendelea kwa kuwa bakuli humfikia yeye kwanza, hana pa kujificha.

Wako watakaosema kwamba tukifuata fikra hii tutavunja sinia, kila mtu ale na kijiko chake pembeni. Sikubali. Wazee wetu wa pwani walikuwa na birika: mmoja humimina, mwengine hunawa, na maji machafu huanguka chini yasirudi. Tukiongeza sabuni na kusugua kucha, tumefanya zaidi ya ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi, ambayo kwa virusi vya noro ni dhaifu. Watoto wa Tanzania nao wamekuwa wakipewa matone ya chanjo ya rota tangu mwaka 2013, na aliyekwisha kuharisha huokolewa na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vyema, anayonyweshwa kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya zinki. Haya yote hayamtengi mtu na jamaa zake.

Linalonitatiza ni jengine. Maji ya kumimina ni mengi kuliko maji ya bakuli, na katika nchi ya milima kila ndoo hupandishwa kichwani, aghalabu na mama au binti yake. Sengu ilikuwa ya wanaume. Chakula na maji vilitoka kwa wengine, wasiokuwa na kauli pale. Tukimwambia baba wa Tingi anawe kwa maji yanayotiririka, tumemwongezea mkewe safari ya kisimani. Wahubiri wa usafi mara nyingi hawaishi mlimani.

Ningependa kuuona mkutano wa ukoo ambapo mtoto ananawishwa kwanza, na ndoo imebebwa na mjomba. Sijui mzee angesema nini.